UZI: Ukaguzi wa famasi na DLDM – karatasi, kufuli, friji na makosa yanayofunga maduka

Mizani_ya_Dawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wamiliki wa famasi, wafamasia wasimamizi, mafundi dawa na watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu (DLDM). Mkaguzi akishika boksi lolote rafuni ana maswali matatu: limetoka wapi, nani ana mamlaka ya kulitoa, na yaliyotangulia yamekwenda kwa nani. Duka linalojibu hayo kwa karatasi linapita. Lisilojibu lina tatizo, hata liwe na vigae vinavyong'aa na kiyoyozi kipya.

Tuanze na wenye mamlaka, maana watu wengi wanawachanganya. Hapa Tanzania Sheria ya Famasi ya 2011 (Sura ya 311) imelipa Baraza la Famasi kazi ya kusimamia wanataaluma na majengo: usajili wako wewe mfamasia au fundi dawa, usajili wa jengo, na kibali cha kufanya biashara ya dawa humo. Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba (Sura ya 219) iko mikononi mwa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ambao wanasimamia bidhaa yenyewe: usajili wa dawa, uingizaji, ubora, matangazo, uteketezaji. Hadi 2019 chombo hiki kiliitwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) na kilishika pia chakula na vipodozi, halafu hivyo viwili vikahamia TBS (Shirika la Viwango). Kwa hiyo zile losheni na sabuni za kaunta zinaangaliwa na TBS, dawa zinaangaliwa na TMDA, na mtu anayezitoa anaangaliwa na Baraza. Juu ya hapo kuna leseni ya biashara ya halmashauri, TRA wa kodi, Zimamoto, na kwa dawa zenye asili ya kulevya kuna DCEA (Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya), iliyoundwa kwa sheria ya 2015.

Sasa kosa ninaloliona ni baba wa makosa mengine: cheti cha ukutani. Mmiliki anamlipa mfamasia kila mwezi, cheti kinaning'inia ukutani, mwenye cheti anafanya kazi mkoa mwingine. Mkaguzi hahitaji ujanja mwingi kuligundua hilo. Anafungua daftari la dawa zinazodhibitiwa na kutazama saini. Saini za siku 30 zilizoandikwa kwa wino mmoja, mwandiko ule ule, bila hata siku moja ya kukosa, zimeandikwa kwa mkao mmoja. Kisha anamwambia mhudumu ampigie msimamizi, aje au aeleze kabati la dawa hizo lina nini leo.

Wanaolichukulia hili kama kosa la karatasi wafikirie kaunta yenyewe. Mgonjwa anatumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), anakuja kuomba metronidazo, ambayo ni antibayotiki. Mhudumu asiye na taaluma anampa, kwa kuwa dawa ipo na hela ipo. Metronidazo inapandisha nguvu ya warfarini na mgonjwa anaweza kuvuja damu. Mtu aliyetakiwa kusema "subiri kwanza" ndiye yule asiyekuwepo.

Kinachotakiwa ni mkataba wenye saa za kazi zilizoandikwa, daftari la mahudhurio linalojazwa mtu anapoingia na anapotoka, na fundi dawa aliyesajiliwa anayebaki kaunta msimamizi akitoka. Ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa anao msimamizi. Asipokuwepo, halifunguliwi.

Karibuni, kila mtu aweke analolijua.

---

Duka_la_Kijijini

Asante mkuu. Sisi wa DLDM tunabanwa na wateja. Mtu anataka seftriaksoni (antibayotiki ya sindano), anataka achomwe hapo hapo. Ukikataa anakwenda duka la tatu anapewa. Mipaka yetu hasa ni ipi?

---

Fundi_Kaunta

@Duka_la_Kijijini mipaka yako ni orodha. DLDM zilianza Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, ambayo kisheria hayakuruhusiwa kuuza dawa za cheti (zinazotolewa kwa cheti cha daktari) hata moja ingawa mengi yalikuwa yakiziuza. Serikali ikasema: tumfundishe mtoa dawa, tumpe orodha fupi ya dawa za cheti ambazo vijijini zinahitajika kila siku, tumkague. Ndiyo maana unaweza kuweka amoksilini, kotrimoksazoli, doksisaiklini, metronidazo, na dawa mseto ya malaria. Isiyokuwa kwenye orodha hairuhusiwi hata kukaa stoo. Utetezi wa "ni ya mgonjwa fulani aliagiza" haupokelewi.

Seftriaksoni si ya kwako. Na kuchoma sindano dukani ni jambo zito zaidi kuliko hiyo dawa, kwa sababu unakuwa umetoa huduma ya zahanati ndani ya jengo lililosajiliwa kuuza dawa. Kitanda nyuma ya pazia, stendi ya dripu, boksi la sindano zilizotumika: mkaguzi akiviona hivyo haulizi tena habari za orodha. Vivyo hivyo meza ya maabara. Kupima damu na mkojo kunahitaji usajili wa maabara binafsi, na kibali cha duka la dawa hakibebi usajili huo.

Chapisha orodha yako, ibandike upande wa ndani wa kaunta anapoweza kuisoma mtoa dawa. Mteja ukimkataa usimwache mikono mitupu. Mwandikie kwenye karatasi jina la zahanati ya karibu, na umweleze dalili za kukimbilia huko usiku huo huo: homa na degedege, kushindwa kunywa, kupumua kwa shida, damu kwenye choo. Ukifanya hivyo umetimiza kazi yako kwa huyo mtu.

Kuna jambo la antibayotiki nataka lieleweke. WHO walizigawa mwaka 2017 katika makundi. Amoksilini, doksisaiklini na metronidazo ziko kundi la kutumika kwanza. Siprofloksasini, azithromaisini na seftriaksoni ziko kundi la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa usugu unazipata haraka. Anayeuza vidonge viwili vya siprofloksasini kwa anayesema ana hela ya kutosha viwili tu, anavunja kanuni na pia anafundisha bakteria. Mimi hili linaniuma kuliko faini yoyote.

---

Mizani_ya_Dawa

Naongezea hapo kwenye kuuza vichache. Wengi wanakata blista vibaya. Chukua blista ya vidonge 10 uitazame: namba ya toleo (batch) na tarehe ya mwisho wa matumizi imegongwa upande mmoja tu, kwenye ukingo. Ukianza kukata upande huo, kipande cha kwanza kinaondoka na tarehe, na vilivyobaki rafuni havina utambulisho. Mkaguzi anaviita dawa zisizojulikana tarehe, na ana haki. Anza kukata upande usio na maandishi, ukingo wenye tarehe ubaki na wewe hadi mwisho. Kipande kinachoondoka kiingie kwenye bahasha iliyoandikwa jina la mgonjwa, jina la dawa na nguvu yake, idadi, namna ya kutumia, tarehe ya leo na jina la duka. "1x3" haitoshi kwa bibi asiyeijua alama hiyo. Andika "kidonge 1 asubuhi, 1 mchana, 1 usiku, kwa siku 5".

Ni hivyo hivyo kwa kopo la vidonge 1,000. Usimimine kopo jipya juu ya masalia ya la zamani. Matoleo mawili yakichanganyika ndani ya kopo moja, siku ya tangazo la kuondoa dawa sokoni utalazimika kutupa yote.

Na kusoma tarehe: "EXP 06/2026" maana yake inatumika hadi siku ya mwisho ya Juni 2026. Lakini ukiuza dozi ya mwezi mzima tarehe 20 Juni, mgonjwa atamalizia dawa iliyokwisha muda. Pima tarehe dhidi ya urefu wa dozi.

---

Sheria_na_Dawa

Kuhusu kuondoa dawa sokoni, watu wanadhani ni kazi ya wasambazaji wakubwa. Aprili 2024 Nigeria walitangaza kukuta diethilini glaikoli, sumu inayoua figo, kwenye toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto. Nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, zikachukua hatua ya kuiondoa. Siku kama hiyo famasi inatakiwa ijue ndani ya saa chache kama toleo hilo liliwahi kuingia kwake. Utajuaje kama ankara yako imeandikwa "syrup 24" basi?

Ankara ya kununulia iwe na jina la msambazaji mwenye kibali, tarehe, jina la dawa, nguvu, idadi, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Msambazaji akileta isiyo na namba ya toleo, irudishe hapo hapo kabla dereva hajaondoka, au iandikeni kwa mkono na mwakilishi wake asaini. Boksi likifunguliwa, linganisha namba ya kwenye boksi na ya kwenye chupa, maana hutofautiana.

Tangazo likitoka: tafuta toleo kwenye ankara, toa chupa zote rafuni na stoo, ziweke kwenye boksi lililofungwa kwa utepe na kuandikwa "ZIMEZUIWA – HAZIUZWI", andika idadi uliyopokea, uliyouza na iliyobaki, mjulishe aliyekuuzia na ofisi ya TMDA ya kanda. Tofauti kati ya uliyopokea na iliyobaki ni watoto walioko majumbani. Kama cheti kina namba ya simu, piga.

Usajili nao ukaguliwe wakati wa kupokea. Namba ya usajili wa TMDA huanza na TAN, na orodha ya dawa zilizosajiliwa ipo kwenye tovuti yao. Dawa nzuri kabisa iliyosajiliwa nchi jirani lakini haijasajiliwa hapa ni dawa isiyosajiliwa, hata kama daktari ndiye aliyeiandika.

Na lile la mwisho: dawa yenye alama ya MSD (Bohari ya Dawa) au GOT (Serikali ya Tanzania) kwenye famasi binafsi. Hizo ni mali ya umma zilizotakiwa kufika zahanati. Hakuna ankara inayoweza kukutetea, na kesi yake haiishii kwenye kufungiwa duka.

---

Bint_Mkunga

Naomba nizungumzie friji, kwa sababu hapa madhara yanampata mama na mtoto bila mtu kuona.

Oksitosini (ya kuzuia mama kuvuja damu akijifungua), insulini na chanjo zinatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Friji ya nyumbani yenye friza ndogo juu ina sehemu tatu zenye baridi tofauti. Juu karibu na bati la friza hushuka chini ya sifuri. Mlangoni hupanda kila mlango unapofunguliwa. Katikati ndipo penye utulivu. Insulini iliyogusa bati ikaganda, ikiyeyuka inaweza kuonekana ya kawaida kabisa na isifanye kazi inavyotakiwa. Mgonjwa anajichoma, sukari haishuki, anaongezewa dozi, kosa anabebeshwa yeye. Ikishaganda haitumiki, hakuna kuijadili.

Weka kipimajoto katikati, kile kinachoonyesha kiwango cha juu na cha chini tangu kilipofutwa mara ya mwisho. Kipimajoto cha kawaida kinakuambia saa hii tu, wakati umeme hukatika saa nane za usiku. Soma asubuhi unapofungua na alasiri, andika cha sasa, cha juu na cha chini, saini, kisha kifute kianze upya. Fomu yenye "5, 5, 5, 5" mwezi mzima haimshawishi mtu, friji halisi hupanda na kushuka.

Nafasi tupu jaza chupa za maji, hasa chini na mlangoni. Maji yanashika baridi, na umeme ukikatika yanakununulia muda. Usifungue mlango wakati wa giza. Umeme ukirudi soma kiwango cha juu kwanza, kabla ya jambo lolote. Kikiwa kimevuka 8, tenga dawa, ziache ndani ya friji zikiwa na karatasi ya "ZIMEZUIWA", andika zilikaa juu ya 8 kwa muda gani na joto lilifika wapi, kisha msimamizi aulize mtengenezaji au msambazaji. Kuna zinazovumilia muda fulani na kuna zisizovumilia, na jibu liwe la maandishi.

Chakula na soda visiingie humo. Hilo nalo huandikwa kwenye ripoti.

Kwa rafuni, dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, baadhi 25. Dar, Tanga au Lindi mwezi wa pili, chini ya bati lisilo na dari, kiyoyozi kikizimwa jioni, hizo 30 zinavukwa. Weka kipimajoto cha juu na chini hapa pia, mbali na mlango na mbali na upepo wa kiyoyozi. Dawa za kuwekwa njia ya haja kubwa ndizo za kwanza kulia: zikiyeyuka na kuganda tena umbo linaharibika, utaliona ukilipapasa kwenye foili.

---

Fundi_Kaunta

Kabati la kufuli. Hapa nitachukua nafasi kidogo.

Dawa zenyewe ni za aina mbili tatu. Morfini, pethidini na fentanili ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa 1961. Diazepamu na fenobabitali ziko chini ya ule wa 1971. Efedrini na ergometrini ni za mkataba wa 1988, kwa kuwa zinaweza kutumika kutengenezea dawa za kulevya. Halafu sharubati zenye kodeini, ambazo vijana wanazinywa chupa nzima. Tramadoli haimo kwenye mikataba hiyo, ila itunze kwa uangalifu ule ule.

Daftari liwe la kushonwa, kurasa zenye namba. Kila dawa na kila nguvu iwe na ukurasa wake: fenobabitali miligramu 30 isikae ukurasa mmoja na miligramu 60. Safu zake ni tarehe, kilichopokelewa na namba ya ankara, jina la mgonjwa na anakoishi, jina la mwandika cheti na kituo chake, kilichotolewa, kilichobaki, saini.

Mfano. Ukurasa unasema fenobabitali miligramu 30 vimebaki 480. Cheti kinasema kidonge 1 mara 2 kwa siku 30, yaani 60. Unaandika 60, baki 420. Jioni unahesabu kopo unakuta 414. Hapo wengi wanafanya jambo baya kuliko upungufu wenyewe, wanapaka wino mweupe juu ya 420 na kuandika 414.

Usifute. Hesabuni upya watu wawili, kila mmoja peke yake. Rudi kwenye vyeti vyote tangu hesabu ya mwisho iliyokubaliana, ujumlishe upya. Makosa ya kutoa ni mengi kuliko wizi. Tazama kama kuna cheti cha miligramu 60 kilichotolewa kutoka kopo la 30, au vidonge vilivyovunjika vikatupwa bila kuandikwa. Angalia ankara: kopo lililoandikwa 500 liliwahi kuhesabiwa kweli? Ukimaliza, andika mstari mpya wenye tarehe ya leo: "Hesabu ya mkono 414, pungufu 6, sababu …", saini mbili. Sababu isipopatikana iandikwe hivyo hivyo, na msimamizi atoe taarifa. Mkaguzi akikuta upungufu ulioandikwa na kufuatiliwa anakutana na mtu mwaminifu. Akikuta wino mweupe ataanza kutilia shaka daftari zima.

Vyeti vya kughushi vina alama zake. Idadi imeandikwa kwa tarakimu tu na sifuri ya mwisho ina mwandiko tofauti, 10 imegeuzwa 100. Muhuri upo, jina la daktari halisomeki. Mgonjwa anataja dawa kabla hujakisoma cheti. Piga simu kituoni kwa namba unayoijua wewe, usitumie iliyoandikwa kwenye cheti hicho. Ukishatoa, gonga muhuri wa "IMETOLEWA", andika idadi na tarehe, cheti kibaki kwako.

---

Kitabu_cha_Hesabu

Upande wa TRA kwa kifupi. Dawa zimesamehewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Pampasi, losheni, dawa ya meno na miwani ya jua haziingii humo kwa sababu tu zimeuzwa famasi. Mashine ya risiti (EFD) iliyopangwa kundi moja tu linaloitwa "dawa" inakusanya vyote pamoja, na siku ya kukaguliwa huwezi kuvitenganisha. Tenga makundi tangu mwanzo. Kizingiti cha kujisajili VAT kilipandishwa mwaka 2023 hadi mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na ni mauzo ya bidhaa zenye kodi ndiyo yanayohesabiwa. Risiti itoke kwa kila mteja, hata wa panado mbili.

---

Duka_la_Kijijini

Dawa zilizokwisha muda je? Nina kona imejaa. Jirani anasema nichimbe shimo nichome.

---

Sheria_na_Dawa

@Duka_la_Kijijini usichome. Moto wa shimoni hauna joto la kutosha. Tanuri la kawaida la dawa linatakiwa lifike nyuzi 850 au zaidi, na dawa za saratani zinahitaji zaidi ya 1,200. Plastiki za blista zikiungua kwa joto dogo zinatoa moshi wenye sumu, na vidonge vilivyoungua nusu huokotwa na watoto. Chooni au mtaroni pia usimwage.

Kwanza ziondoe dukani leo hii. Boksi lenye kufuli, limeandikwa "ZIMEKWISHA MUDA – HAZIUZWI", mbali na stoo ya dawa nzima. Blista moja iliyokwisha muda ikikutwa rafuni katikati ya nzima huhesabiwa kuwa inauzwa.

Kisha andaa orodha: jina la biashara, jina halisi la dawa, nguvu, aina (kidonge, maji, sindano), ujazo wa pakiti, idadi, mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, thamani. Dawa zinazodhibitiwa ziwe kwenye orodha yake peke yake na zibaki kwenye kabati lake hadi siku ya mwisho. Peleka maombi TMDA. Wakaguzi wanakuja kuhakiki orodha dhidi ya boksi, dawa zinateketezwa chini ya usimamizi, unapewa cheti cha uteketezaji. Cheti hicho ndicho kinachokuruhusu kuzifuta kwenye vitabu vyako, TRA pia wanakitaka. Kwa duka dogo gharama ni kubwa, basi ungana na wenzako wa wilaya moja mpitie kwa mfamasia wa wilaya, mpeleke mzigo mmoja.

Pasipo na tanuri, WHO wanaeleza njia ya kufungia kwenye pipa: dawa zijaze asilimia 75 ya pipa, juu yake umwage mchanganyiko wa chokaa, saruji na maji kwa uzito wa 15:15:5, lifungwe na kuzikwa kwenye dampo. Hii nayo hufanywa mbele ya wakaguzi, si kienyeji.

---

Pwani254

Kutoka Mombasa, nawasoma. Huku Bodi ya Dawa na Sumu imelipatia kila duka lenye leseni namba ya usalama inayobandikwa mahali mteja anaiona. Mteja anaituma kwa ujumbe mfupi kwenda 21031 na kujibiwa kama duka lina leseni. Inasaidia, kwani mkaguzi si mmoja tena. Wenye duka wasisahau, leseni ikiisha majibu ya simu yanabadilika hata kama kibandiko bado kiko mlangoni.

---

Mfamasia_Unguja

Na mkumbuke Zanzibar tuko chini ya Wakala wetu wa Chakula na Dawa (ZFDA), kwa sheria ya mwaka 2006. Kibali cha Baraza la Famasi la Bara hakifungui duka Unguja wala Pemba. Anayetaka tawi huku aanze upya.

---

Bint_Mkunga

Kuna jambo limezoeleka na linaniumiza. Makundi ya WhatsApp ya wafamasia: mtu anapiga picha cheti na kuuliza "nani ana hii?" Pale juu pana jina kamili la mgonjwa, umri, mtaa, na dawa zake ni za kufubaza virusi. Watu 250 wameshaiona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kazi tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti ndani yake. Andika jina la dawa na nguvu tu. Cheti kisiingie kwenye kundi. Picha ambayo mgonjwa mwenyewe amekutumia, ukishamhudumia na kuweka kumbukumbu inayotakiwa, ifute kwenye simu. Daftari la wagonjwa wa kudumu lisikae wazi juu ya kaunta.

---

Duka_la_Kijijini

Nashukuru sana. Swali la mwisho, nina ndugu ana famasi mjini. Mfamasia wake msimamizi amepata kazi hospitali, anaondoka Ijumaa. Kibali bado kina miezi. Anaweza kuendelea hadi apate mwingine?

---

Mizani_ya_Dawa

Hapana. Kibali kinasimama juu ya jina la msimamizi. Akiondoka, Baraza lijulishwe kwa barua: ya kwake kwamba ameacha, na ya mmiliki kwamba anatafuta au amepata mwingine.

Kabla ya Ijumaa wafanye makabidhiano. Wafungue kabati la dawa zinazodhibitiwa wawili, wahesabu kila ukurasa, waandike "makabidhiano" mstari mmoja chini ya hesabu ya mwisho, wasaini wote wawili. Kama mpya hajapatikana, asaini mmiliki kama shahidi, kabati lifungwe kwa lakiri, na lisifunguliwe. Funguo ziandikwe zimekwenda kwa nani. Fomu za joto, ankara na vyeti zikabidhiwe kwa orodha. Cheti chake cha usajili kishushwe ukutani siku hiyo hiyo na aondoke nacho mkononi. Huyo mfamasia asikubali kukiacha hata akibembelezwa kwa wiki moja, kwani litakalotokea kaunta wiki hiyo litakuwa na jina lake.

---

Duka_la_Kijijini

Nimeelewa mkuu. Namtumia sasa hivi.

---

Fundi_Kaunta

Mwambie pia ahesabu kodeini chupa kwa chupa, na aangalie kama kifuniko kina mhuri wake. Iliyofunguliwa ikarudishwa rafuni huhesabika nzima hadi mtu aishike mkononi.